Lenzi ya Mafuta Ilitunyima Dari

Mliohudhuria onyesho la hadubini la Jumamosi pale Mikocheni mliona kuta za seli zikififia kadiri zilivyopanda, hadi dari ikawa ukungu mtupu. Wanaozilaumu seli wanazionea. Kosa ni lenzi.

Maandalizi yalikuwa safi: seli za MDCK, za figo ya mbwa, zimeoteshwa juu ya chujio hadi zikasimama wima, joto nyuzi 37, leza imepunguzwa.

Kisha droo ikafunguliwa. Waandaaji, mlikuwa na lenzi ya maji, yenye NA (uwezo wa kukusanya mwanga) 1.2, na ya mafuta, 1.4. Mkono ukaenda kwenye 1.4. Ugonjwa huu wa kuabudu namba ya ubavuni nimeupigia kelele humu miaka nenda rudi. Hiyo 1.4 inafaa sampuli iliyoshikana na kioo. Seli zenu zilikuwa juu ya chujio, zimezungukwa na maji ya lishe. Mwanga ukivuka kutoka mafuta na kioo, vyenye kipimo cha kupinda mwanga cha karibu 1.52, kwenda majini, 1.33, unapinda, na miale ya pembeni haikutani tena na ya katikati. Mvuvi wa Msasani hafundishwi hili: mkuki wake haulengi pale jicho linapomwona samaki.

Ubaya wake, kosa hukua na kina. Sakafu, iliyo karibu na lenzi, ilitoka vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Ule mshipi unaoifunga seli na jirani yake, unaotenga dari na kuta, ukayeyuka. Urefu nao ukadanganya: fokasi ikipandishwa mikromita 10, majini inasogea chini ya 9, hivyo seli ya 15 inachorwa kama ya 17.

Mtasema maji hukauka kwenye joto. Hukauka, kweli. Lakini kurekodi kwenu kulichukua dakika 20. Tone moja lingetosha.

Mwaka 1987, kule Heidelberg, Gerrit van Meer, Ernst Stelzer na Kai Simons walizitazama seli hizihizi za MDCK kwa hadubini ya konfokali ikiwa bado changa, wakifuatilia lipidi zikigawanywa kati ya dari na kuta. Stelzer huyohuyo, mwaka 2004, alikuwa katika kundi lililoangaza sampuli kwa bapa la mwanga kutoka ubavuni, lenzi ikitumbukia katika maji yaleyale ya sampuli. Hao walianza na swali la mwanga unapita wapi.

Rudieni kwa lenzi ya maji. Na kabla ya seli, wekeni shanga ndogo zinazong'aa, mzitazame kwa ubavu. Shanga ikigeuka yai refu, msirekodi.