Mabawa Ngazi ya Tatu: Msichana wa Kichawi Ndani ya D&D ya 2024

Jamani, jamani, jamani! Kama umewahi kumtazama Usagi wa Sailor Moon akizunguka ndani ya riboni za mwanga huku sare ya shule ikigeuka vazi la vita, ukatamani kufanya hivyo mezani, dadu mkononi na wenzako wamekodoa macho, basi kaa chonjo. Inawezekana! Tena kwa kitabu kimoja tu, Player's Handbook ya Dungeons & Dragons iliyotoka Septemba 2024. Humbembelezi msimamizi wa mchezo akukubalie kanuni ulizojitungia mwenyewe usiku wa manane. Huchanganyi fani tatu za wahusika mpaka karatasi yako ifanane na hesabu za kodi.

Fani ni Warlock. Najua wengi watakimbilia Sorcerer au Bard kwa ajili ya madoido na nyimbo. Waache wakimbie. Warlock ni mtu aliyefunga mkataba na kiumbe wa ulimwengu mwingine ili apewe nguvu, na hiyo ndiyo hadithi nzima ya wasichana wa kichawi wa Kijapani! Anatokea mnyama anayeongea, anakukabidhi kitu kinachong'aa, anakwambia dunia inakutegemea wewe, na kesho una mtihani wa hesabu. Katika toleo la 2014 ulimchagua huyo bwana wako ngazi ya kwanza. Sasa anasubiri hadi ngazi ya tatu. Wapo watakaonuna, mimi nimeruka kwa furaha, maana kwa ngazi mbili nzima unatumia nguvu ambazo hujui zimetoka kwa nani. Aliyetazama Puella Magi Madoka Magica ya 2011, akamwona Kyubey na uso wake usiobadilika akiwasaka mabinti waingie mkataba, nywele zimeshamsimama.

Na yule mnyama? Yumo! Chagua Pact of the Chain ngazi ya kwanza kabisa. Kwenye orodha ya wasaidizi utamkuta nyoka mwenye sumu, utamkuta kiunzi cha mifupa, halafu, katikati ya mikosi yote hiyo, Sphinx of Wonder. Kidude kidogo chenye umbo la paka, kina mabawa, kinaongea, na akili yake ni 15, kuzidi wahusika wengi niliowahi kukaa nao meza moja. Mwenzako aliye karibu akijaribu jambo gumu na dadu ikamgomea, paka huyu anaweza kumwongezea 2 papo hapo. Luna wa Usagi na Kero wa Cardcaptor Sakura wamepata ndugu yao.

Lakini subiri, uhondo wenyewe uko huku. Mhusika wangu nimemwita Zuhura. Jamii yake ni Aasimar, watu wenye chembe ya mbinguni ndani yao, ambao safari hii wamo kwenye kitabu kikuu. Ngazi ya pili nampa Mask of Many Faces, inayomruhusu kufanya uchawi wa Disguise Self kila atakapo bila kugusa akiba yake. Wazo la haraka ni kuutumia kumvalisha vazi la vita. Hapana! Geuza! Vazi la vita analivaa kutwa nzima, na kiini macho ndiyo ile sare ya shule. Uchawi huo hudumu saa nzima, na kwa kanuni za 2024 aliyeufanya anaweza kuukatisha bila kupoteza kitendo hata kimoja. Kwa hiyo jini linatokea, Zuhura anaiachia sare ipeperuke hewani, bure. Kwa kitendo chake cha ziada anaamsha Celestial Revelation ya Aasimar, mabawa ya mwanga yanachomoza mgongoni, naye ameshapaa. Na kitendo kikuu bado kipo! Akiwa na Celestial kama bwana wake, anafyatua Guiding Bolt, dadu tano za pande sita za nuru, na mwenzake anayefuata kumpiga jini yule anapata upendeleo. Yote hayo ndani ya zamu moja, sekunde sita. Toei wenyewe, studio iliyochora katuni ya Sailor Moon, hawaendi mbio hivyo.

Kiini macho hakihimili mguso, kwa hiyo rafiki akimkumbatia koridoni atahisi vazi la ngozi mahali ilipopaswa kuwa kola ya sare. Msimamizi mwenye kipaji atakaa hapo mwezi mzima.

Wenzetu wa mchezo wa Pathfinder walitangulia, ni haki kusema, kwa Magical Child yao ya 2016, na Sailor Moon yenyewe ilipata mchezo wake rasmi wa mezani 1998. Kilichonipagawisha hapa ni kwamba hakuna aliyeandika neno "msichana wa kichawi" popote, ila vipande vyote vimetulia.

Kasoro zipo. Kitendo cha ziada kimejaa foleni: kubadilika kunakihitaji, kuwaponya wenzako kwa Healing Light kunakihitaji, na ukimwongezea fimbo ya Pact of the Blade, kuiita nayo inakihitaji. Mabadiliko ni mara moja tu mpaka ulale usingizi kamili, na yanadumu dakika moja (kwa vita vya mezani, dakika ni nyingi mno). Na ukichagua umbo la Inner Radiance badala ya mabawa, mwanga unamchoma kila aliye ndani ya futi kumi, marafiki wakiwemo! Nguvu ya upendo, lakini simameni mbali.

Msianzie ngazi ya tatu, tafadhali. Mtashawishika, maana pointi 900 za uzoefu si nyingi na mabawa yanaita. Anzeni chini, paka akijitokeza dirishani na mkataba wake, ili siku ya mabadiliko ya kwanza meza nzima iwe imeingoja.

Tena yale maumbo ya Celestial Revelation, zamani ukichagua moja umefungwa nalo. Toleo hili linakuachia uchague upya kila unapobadilika. Ndipo nilipompata mpinzani wa Zuhura! Aasimar vilevile, Warlock vilevile, ila bwana wake ni Fiend, paka amempisha imp mwenye mkia wa sumu, na akibadilika anachukua Necrotic Shroud, macho yakijaa giza na mabawa yasiyoruka yakitisha kila adui aliye karibu. Karatasi ni ile ile, mistari michache tu imefutwa. Jina bado sina, lakini usiku huu namwandika.