Theluji ya Kiinyaa: Kivoi, Krapf na Suala la Shahidi

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu mzozo wa kitaaluma uliozuka katikati ya karne ya 19 juu ya kuwapo kwa theluji katika milima ya Afrika ya Mashariki. Aghalabu mzozo huo husimuliwa na wanahistoria wa jiografia, na wahakiki wa fasihi huupita kana kwamba hauwahusu. Hoja yetu ni kwamba, kwa kiasi kikubwa, huo ulikuwa mzozo wa usomaji. Swali lilikuwa ni nani anayestahili kukubaliwa kuwa shahidi, na iwapo sitiari iliyomo katika kauli yake ni ujinga au ni maarifa.

Mfano wetu mkuu unatoka Ukambani, hasa Kitui. Msomaji anayeijua Kyuso, chini ya vilima vya Mumoni, ataitambua nchi inayotajwa hapa: ile nchi kame iliyo baina ya Kitui na Mto Tana, ambamo Kivoi wa Mwendwa alifanya biashara yake na ambamo alikufa. Mwanafunzi wa Kyuso hukutana na masimulizi mawili kuhusu karne hiyo. La kwanza humwambia kwamba Mzungu aliuona mlima. La pili humwambia kwamba nabii wa Kikamba aliiona reli kabla haijaja. Anachokosa ni kanuni moja ya kuyapima yote mawili. Makala haya yanajaribu kuitafuta kanuni hiyo.

2. Jina kama kauli

Mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1849 akasafiri hadi Kitui, kwa Kivoi. Huyo Kivoi alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, na misafara yake iliunganisha bara na pwani. Ndiye aliyemweleza mgeni wake habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu yake. Mawingu yalikuwa yameuficha mlima huo. Ulipojitokeza, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliona vilele viwili vilivyosimama kama pembe au nguzo, na weupe juu yake. Akaliandika jina alilolisikia: Kegnia.

Wakamba huuita mlima huo Kiinyaa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi hulihusisha jina hilo na mbuni, ambaye kwa Kikamba ni nyaa. Mbuni dume ana manyoya meusi na meupe. Mlima nao una miamba myeusi na theluji. Tukiyakubali maelezo haya, jina hilo ni sitiari, lakini si sitiari ya kupamba. Ni kauli inayotoa taarifa: kuna weusi na kuna weupe, navyo vinakaa pamoja bila kuchanganyika. Aliyelitunga aliutazama mlima kwa makini, akatafuta katika mazingira yake kitu ambacho kila msikilizaji angekitambua. Kwa hiyo weupe wa kilele ulikuwa umekwisha kuhifadhiwa katika lugha kabla ya darubini yoyote kuelekezwa huko.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, alikuwa ameuona Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia hakuwa na neno la kukiita kitu kile cheupe; alikiita baridi, na Rebmann akaandika Beredi. Hapa pana mbinu nyingine ya lugha: kukitaja kitu kwa athari yake. Wenyeji walimsimulia pia kwamba kitu hicho, kilichodhaniwa kuwa fedha, kilipoteremshwa kiligeuka maji. Tukiyaweka maneno haya pamoja tunapata kitu cheupe, chenye baridi, ambacho kikipata joto huwa maji. Ni vigumu kuona ni sifa gani ya theluji iliyosahauliwa na watu hawa wasiokuwa na jina lake.

3. Msomaji wa London

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley hakukubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1852, *Inner Africa Laid Open*, aliushambulia ushahidi wa wamishenari hao. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kulinganisha maandishi na masimulizi akiwa mezani. Tusiidharau kazi hiyo. Kulinganisha mashahidi ni msingi wa taaluma yoyote, na Cooley alikuwa hodari wa kuona pale kauli mbili zinapogongana. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa amezitumia habari za Mswahili Khamis bin Uthman, aliyewahi kufika London, katika makala yake ya mwaka 1845 juu ya ziwa la Nyassi. Hatuwezi basi kusema kwamba alimkataa kila shahidi Mwafrika.

Je, alizuiwa na sayansi ya wakati wake? La hasha. Kwamba theluji inaweza kukaa karibu na mstari wa ikweta lilikuwa jambo linalojulikana Ulaya. Mwaka 1802 Alexander von Humboldt alikuwa amepanda Chimborazo, mlima wenye theluji ulio karibu na ikweta katika Amerika ya Kusini, na habari hizo zilikuwa zimeenea kwa wasomi wote. Kilichokubalika kwa Chimborazo kikawa cha kutiliwa shaka kwa Kilimanjaro na Kiinyaa. Tofauti haikuwa ya fizikia. Huko shahidi alikuwa Humboldt na vipimo vyake. Huku shahidi wa kwanza alikuwa kiongozi wa msafara, au mfanyabiashara wa Kitui, na wa pili mmishenari aliyeyapokea maneno yao.

Kosa la Cooley, kwa maoni yetu, lilikuwa kosa la msomaji. Alipokuta tamathali, aliiona kuwa ni upungufu wa ushahidi. Hakuuliza tamathali ile inasema nini. Ilibidi zije safari za Baron von der Decken huko Kilimanjaro, mwaka 1861 na 1862, kisha Joseph Thomson auone Mlima Kenya mwaka 1883, ndipo shaka ikaondoka. Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899, nusu karne baada ya mazungumzo ya Kitui.

4. Kivoi katika maandishi ya Krapf

Krapf naye hatuna budi kumsoma kwa tahadhari. Kitabu chake cha safari kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Maana yake ni kwamba maneno ya Kivoi yanatufikia baada ya kuvuka mito kadhaa: kutoka kinywani mwake hadi sikio la mgeni, kutoka sikioni hadi kwenye shajara, na kutoka shajara hadi kitabu kilichokusudiwa wasomaji wa Ulaya waliotakiwa kuunga mkono misheni. Katika usimulizi huo Krapf ndiye nafsi inayoona. Kivoi ni chanzo cha habari, na pia kizuizi au msaada katika njia ya shujaa.

Hata hivyo, mna mahali katika kitabu hicho ambapo muundo huo unapinduka. Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Karibu na mto msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akaujaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaijaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vitambaa. Hata aliporudi kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao, naye akalazimika kukimbia tena.

Anayeijua nchi ya Kyuso na kiangazi chake hahitaji kufafanuliwa tukio hili. Darubini, ambayo ndiyo alama ya mtazamaji anayejitegemea, inageuka kibuyu kibovu. Katika kurasa hizo Krapf anaonyesha, pengine bila kukusudia, kwamba uwezo wake wote wa kuona ulikuwa umeazimwa. Kivoi alipoondoka, njia iliondoka, maji yaliondoka, na hata tafsiri ya mandhari iliondoka. Kwa mhakiki, huu ni ushahidi wa ndani ya matini kwamba ugunduzi ulikuwa kazi ya watu wawili, na mmoja wao hakushika kalamu.

5. Mtihani wa Syokimau

Hapa ndipo baadhi yetu huvutwa kuvuka mpaka. Kwa kuwa Kivoi alisema kweli na Cooley akakosea, twaambiwa kwamba kila simulizi la jadi ni sayansi iliyonyimwa haki yake. Mfano unaotolewa mara nyingi ni Syokimau, nabii wa kike wa Kikamba, ambaye yasemekana alitabiri kuja kwa watu wa rangi ngeni wanaobeba moto, na nyoka mrefu atakayetambaa kutoka bahari hadi bahari. Nyoka huyo hufasiriwa kuwa reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita katika nchi ambayo leo ni Makueni, na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Jina lake sasa limo katika reli yenyewe, kwani stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012.

Ikiwa tunataka haki, lazima kipimo kiwe kimoja. Kauli za mlima zina sifa tatu. Kwanza, mashahidi hawakutegemeana: msemaji wa Kitui na kiongozi wa njia ya Kilimanjaro walizungumzia milima miwili tofauti, na bado sifa za kitu kile cheupe zikaoana. Pili, walikuwa karibu na jambo walilolisema, na biashara yao iliwafundisha kulitazama. Tatu, maneno yao yaliandikwa kabla ya jambo lenyewe kuthibitishwa na wengine. Simulizi la Syokimau, kama tunavyolisikia leo, husimuliwa na watu ambao tayari wanaijua reli. Hatuwezi kujua kwa urahisi kama nyoka alikuja kabla ya treni, au treni ndiyo iliyomvuta nyoka katika simulizi.

Kusema hivi si kumvunjia heshima Syokimau. Ni kumrudisha katika utanzu wake. Unabii katika fasihi simulizi una ukweli wa namna yake: huipa jamii lugha ya kukabili mshtuko, na humwezesha aliyeshindwa kwa nguvu kusema kwamba hakushindwa kwa maarifa. Huo ni ukweli mkubwa wa historia na wa sanaa. Lakini si ukweli wa namna moja na ule wa jina la Kiinyaa, na mhakiki anayevichanganya hivi viwili anafanya kosa lilelile la Cooley kwa mkono wa pili. Cooley alikataa bila kutofautisha. Yeye anakubali bila kutofautisha.

Tena mashahidi wanaweza kusema kweli, na mhariri wao akapotoka. Ramani ya Jakob Erhardt, iliyochapishwa mwaka 1856, ilitokana na habari za wasafiri wa pwani na bara. Ilionyesha ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba. Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Kila msafiri alikuwa amelisema ziwa lake. Aliyeyaunganisha ni mchoraji. Hata hivyo, ramani hiyo yenye kosa ilichangia kuwatuma Burton na Speke safarini mwaka 1857.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya elimu haiwezi kuachwa mikononi mwa wanasayansi pekee, kwa kuwa ndani yake mna maswali ambayo ni ya uhakiki: nani anasimulia, kwa tamathali gani, na maneno yake yamepita mikono mingapi. Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: shahidi apimwe kwa ukaribu wake, kwa uhuru wake na kwa namna kauli yake ilivyohifadhiwa, asipimwe kwa asili yake, wala kwa mapenzi yetu kwake.

Kazi hii ina haraka. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba barafu iliyosalia katika Kilimanjaro na Mlima Kenya itakuwa imetoweka kufikia mwaka 2050. Mtoto atakayezaliwa Kyuso wakati huo atausikia mlima ukiitwa kwa jina la mbuni, autazame, asione weupe wowote. Atakuwa katika nafasi ya Cooley: mbele yake mna maneno ya watu waliotangulia, na hana theluji ya kuyathibitisha. Ikiwa leo hatutayakusanya majina, masimulizi na matoleo yake kutoka kwa wazee wa Mumoni na Kitui, pamoja na tarehe na majina ya wasimulizi wenyewe, tutakuwa tumemwachia shaka ileile, bila ya mashahidi.