Kujifunza Zeze kwa Sikio

Wasomaji wetu wa Ugogo wamjua Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Twataka kunena habari ya kijana wa ukoo wake, Charles Zawose, aliyejifunza kwake, akaimba pamoja naye hata ng'ambo.

Marimba humwonyesha mwanafunzi mahali pa kila sauti. Zeze halina msaada huo. Mkono mmoja wavuta uta, na vidole vya mkono wa pili huteleza juu ya uzi, wala hapana alama ya kuvisimamisha ila sikio. Basi mwanafunzi hana budi kukaa karibu na mwalimu, akosee, asikie, arudie.

Katika santuri ya Chibite, ya mwaka 1996, twasikia matunda ya ukaribu huo: kijana amjibu mzee pasipo kumkimbilia mbele. Ile ya Assembly, ya mwaka 2002, pamoja na mpiga gitaa Michael Brook, twaiheshimu. Walakini mitambo yafunika mtelezo ule mdogo wa zeze, nasi twaona hasara. Vijana wengi wamwigao Zawose huiga wepesi wa vidole na njuga za miguuni. Kimya chake, kabla uta haujagusa uzi, hawajakisikia bado.