Kasi ya silaha na uzito wa pigo: mwongozo kwa anayecheza mchawi

Mchezaji akiokota silaha mpya, jicho hukimbilia namba kubwa iliyoandikwa juu yake: madhara kwa sekunde. Kwa mpiganaji wa upanga namba hiyo inatosha kuanzia. Kwa mchawi hupotosha mara nyingi, na wengi wanaoacha michezo kama Diablo wakilalamika kwamba mchawi ni dhaifu huwa wamebeba silaha isiyomfaa. Nawaandikia wanaocheza huku kwetu, Kamanyola, Bukavu hadi Uvira, kwenye kompyuta ya kuazima au PlayStation iliyokwishapita mikononi mwa watu. Umeme ukipatikana, saa zake ni chache, na haifai kuzimaliza kwa kubahatisha. Silaha ninazozisema ni za kwenye skrini tu.

Kabla ya kusifu au kudharau silaha yoyote, jiulize: uchawi katika mchezo huu unaisoma silaha? Michezo haifanani. Katika Diablo II, uliotoka mwaka 2000, mpira wa moto hauoni kabisa makali ya kisu ulichoshika. Ndiyo maana wachezaji wa Sorceress, mchawi wa mchezo huo, hupenda jambia liitwalo Wizardspike: hawamchomi mtu nalo, wanataka asilimia 50 ya kasi ya kurusha uchawi inayokuja nalo. Path of Exile, wa mwaka 2013, una utaratibu wa jamaa hiyo. Madhara ya uchawi na muda wa kuurusha vimo ndani ya kito cha uchawi chenyewe. Fireball huchukua sekunde 0.75 kabla hujaongeza chochote, uwe umeshika kijiti au shoka. Humo ndimo wanunuzi wengi wanapoumia. Wanaona silaha imeandikwa mashambulizi mengi kwa sekunde, wanatoa mali nyingi, kumbe hiyo ni kasi ya kushambulia, ya mwenye kupiga kwa mkono. Mchawi anatafuta kasi ya kurusha uchawi, na mistari hiyo miwili haisaidiani.

Diablo III, uliotoka Mei 2012, ulifuata njia nyingine. Humo kila uchawi wa Wizard, mchawi wa mchezo huo, hupimwa kwa asilimia ya madhara ya silaha, na kasi ya silaha ndiyo kasi ya mkono wake. Hapa ndipo penye utamu wote wa somo hili, kwa hiyo tupige hesabu taratibu.

Weka silaha mbili mezani, zote zimeandikwa madhara 1,400 kwa sekunde. Moja ni kijiti cha mchawi, kinachopiga mara 1.4 kwa sekunde, hivyo kila pigo lake ni 1,000. Nyingine ni rungu la mikono miwili, linalopiga mara 0.9 tu, kwa hiyo kila pigo lake linakaribia 1,556. Macho ya haraka yatasema ni sawasawa. Sasa rusha Meteor, uchawi wa kimondo, ambayo tangu zama za nyongeza ya Reaper of Souls hutoa asilimia 740 ya pigo la silaha. Kijiti kitatoa 7,400. Rungu litatoa zaidi ya 11,500.

Utanijibu kwamba mwenye kijiti atarusha nyingi zaidi. Atarusha nyingi kwa muda gani? Meteor moja hula 40 ya Arcane Power, yaani nguvu ya uchawi, na Wizard ana akiba ya 100, inayorudi 10 kwa kila sekunde. Akiba ikishakauka, wote wawili wanasubiri sekunde nne kupata Meteor inayofuata. Mkono mwepesi unakaa bure. Ni kama boti mbili za Ziwa Kivu zilizoruhusiwa safari moja tu kwa siku kati ya Bukavu na Goma: mwenye mzigo anauliza boti ipi inabeba magunia mengi, mbio hazimhusu. Katika zile sekunde nne za kungoja, kila mmoja hujazia kwa uchawi usiolipiwa, kama Magic Missile, na hapo kweli wanalingana. Lakini kwenye Meteor yenyewe rungu limetangulia kwa asilimia 56, na hakuna wingi wa haraka utakaofuta pengo hilo.

Kwa hiyo jambo la kupima si silaha peke yake. Pima kinachokuzuia. Uchawi unaweza kuzuiwa na mkono, na nguvu ya uchawi, au na muda wa kupoa, yaani kungoja uchawi uwe tayari tena. Ukizuiwa na nguvu au na muda wa kupoa, chagua pigo zito. Ukizuiwa na mkono, chagua kasi.

Na mkono huzuia mara nyingi kuliko wapenzi wa marungu wanavyokubali. Kuna vazi na vifaa vinavyomrudishia Wizard nguvu kila anapopiga pigo kali (critical hit). Ukiwa navyo vya kutosha, kila pigo linalipia linalofuata, akiba haikauki, na mwenye rungu anabaki akitazama mkono wake ukipanda na kushuka. Miaka ya 2012 na 2013 kulikuwa na mtindo maarufu uliojengwa juu ya sifa iitwayo Critical Mass: mapigo makali yalipunguza muda wa kupoa wa uchawi mwingine, mchawi akarusha barafu ya Frost Nova mfululizo na kuwagandisha adui waliomzunguka. Katika mtindo ule silaha nzito ilikuwa kifo. Pigo likichelewa kidogo barafu huyeyuka, na Wizard hana mwili wa kustahimili yatakayofuata.

Kuna hasara nyingine ya uzito ambayo namba haikuonyeshi. Adui mwenye uhai 3,000 akipigwa 11,500, zile 8,500 za ziada zimepotea. Mwenye kijiti kwa 7,400 naye amemuua, na tayari mkono wake uko huru. Kwa silaha ya 0.9, kurusha kumoja kunakufunga mahali pamoja kwa sekunde 1.1 hivi, kwa 1.4 ni kama 0.7. Mbele ya adui anayerusha mishale, tofauti hiyo ni roho yako. Tena rungu la mikono miwili linakunyima kifaa cha mkono wa pili, ambacho kwa Wizard huongeza madhara na nafasi ya pigo kali. Silaha nzito inayostahili jina lake lazima ishinde baada ya kukatwa hasara hiyo, si kabla.

Torchlight II, wa mwaka 2012, una mtego wa aina yake. Baadhi ya uchawi wa Embermage, mchawi wake, huandikwa kwa asilimia ya madhara ya silaha kwa sekunde, si ya pigo moja. Kasi imeshahesabiwa ndani ya namba hiyo, na faida ya silaha nzito inatoweka. Anayetoka Diablo III na mazoea yake atabeba nyundo kubwa bila sababu. Soma maelezo ya uchawi neno kwa neno. Neno moja, sekunde au pigo, linageuza hukumu yote.

Nirudi kwa Diablo II, maana una jambo ambalo mjuzi wa kweli hutambulikana nalo. Mchezo ule huhesabu muda kwa fremu, yaani picha moja moja za skrini, 25 kwa sekunde, na fremu haigawanyiki. Sorceress asiye na nyongeza ya kasi hutumia fremu 13 kwa uchawi wa kawaida. Akifika asilimia 63 anatumia 9, na hapo anakwama mpaka 105, anapopata 8. Maana yake aliye na 104 na aliye na 63 wanarusha kwa kasi ileile. Pete nzuri inayokupandisha kutoka 70 hadi 80 haikupi hata chembe; pete mbovu inayokutoa 95 hadi 105 inakuongezea mrusho mmoja kwa kila minane. Ukiona muuzaji anasifia asilimia za kasi bila kuuliza uko ngazi gani, hajui anachouza.

Nyumbani pima hivi. Tafuta adui mmoja mwenye uhai mwingi, mpige kwa uchawi unaoutegemea, na uitazame akiba yako badala ya kumtazama adui. Akiba ikiisha mapema wakati adui bado amesimama, tatizo lako si mkono, tafuta uzito. Akiba ikibaki imejaa na adui anakufikia, tafuta kasi. Badilisha silaha, rudia kwa adui yuleyule, pima kwa saa ya simu. Jaribio hilo lina thamani kuliko namba yoyote iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Jambo la mwisho linahusu intaneti. Diablo III kwenye kompyuta hudai mtandao muda wote, na Path of Exile vilevile. Mtandao ukivuta miguu, mrusho wa haraka haraka huvurugika, na mimi ningeshika silaha nzito hata pale hesabu zinapolingana. Toleo la PlayStation la Diablo III, lililoanza kutoka Septemba 2013, huchezwa bila mtandao, na ndivyo ilivyo kwa Diablo II wa mchezaji mmoja, Torchlight II na Grim Dawn wa mwaka 2016. Kwa aliyeko Kamanyola anayetaka kujifunza kasi na uzito kwa mikono yake mwenyewe, pendekezo langu ni Diablo III ya PlayStation: anza na kijiti na rungu zenye madhara sawa kwa sekunde, na Meteor.