Mikono ya Mmoja, Ulimi wa Mwenzake

Katika kipindi cha kwanza cha Xena: Warrior Princess, kilichorushwa Marekani mwezi Septemba 1995, Xena anafukia ardhini silaha zake na deraya yake. Ameua vya kutosha na hataki tena. Kabla udongo haujakauka, watekaji wa mbabe wa vita Draco wanatokea wakiswaga wanakijiji wa Poteidaia, na binti mmoja katika kundi hilo anajitokeza mbele na kuwaambia wamchukue yeye, wawaachie wengine. Hana silaha wala hajui kupigana. Anachojua ni kusema. Binti huyo ni Gabrielle. Xena anaingia uwanjani na kuwatawanya watekaji wale. Baadaye, watu wa kwao Amphipolis wanapotaka kumwua Xena kwa madhambi yake ya zamani, Gabrielle ndiye anayeingilia kati, akazungumza mpaka mikono ya watu ikashuka.

Nimeirudia tamthilia hii tangu mwanzo, vipindi 134 katika misimu 6, hadi mwisho wake mwaka 2001. Swali nililokuwa nalo ni la kiufundi: ule ukaribu wa wanawake hawa wawili, ambao hadi leo watu wanausimulia kwa machozi, ulijengwaje? Jibu la haraka ni kwamba waigizaji Lucy Lawless (Xena) na Renee O'Connor (Gabrielle) waliendana. Ni kweli waliendana, lakini kuendana kunaeleza kwa nini tukio moja linavutia. Hakuelezi kwa nini uhusiano unakua kwa miaka 6 bila kuchosha. Jibu langu ni kwamba waandishi, wakiongozwa na R.J. Stewart chini ya mtayarishaji Rob Tapert, waligawa kazi tangu siku ya kwanza: Xena ni mikono, Gabrielle ni ulimi. Kisha wakatumia misimu yote 6 kuhamisha vitu hivyo kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake, na kila kilichohama kililipiwa.

Tuanze na kikwazo walichokuwa nacho. Tamthilia hii haikuwa ya mtandao mmoja mkubwa wa televisheni. Iliuzwa kwa kituo kimoja kimoja, na kila kituo kiliiweka kwenye saa yake. Mtazamaji angeweza kukosa wiki tatu, akarudi, na bado alitakiwa kuelewa anachokiona. Kwa hiyo kila kipindi kilitakiwa kisimame kwa miguu yake. Hapo mwandishi anabanwa, maana ukuaji wa uhusiano unataka kumbukumbu, na mtazamaji wake hana kumbukumbu ya uhakika.

Walichofanya ni kuihifadhi kumbukumbu hiyo kwenye vitu vinavyoonekana. Msimu wa kwanza Xena yuko juu ya farasi wake Argo, Gabrielle yuko chini anatembea, mara nyingi hatua kadhaa nyuma, na anaongea. Katika "Hooves and Harlots" anapata fimbo ndefu na kufundishwa kuitumia na Ephiny wa Waamazoni. Silaha ya kwanza anayoishika ni ya kuzuia na kuangusha, si ya kuua, na uamuzi huo unawafaa waandishi kwa misimu mitatu mizima. Msimu wa tano ameshika sai, vyuma viwili vyenye ncha. Nywele zimekatwa, sketi ndefu ya kijijini imekwisha zamani, naye ana farasi wake na wanakwenda sambamba. Aliyekosa vipindi 40 akiwasha televisheni hapo hahitaji kuelezwa kwamba mambo yamebadilika.

Kipindi ambacho mwandishi yeyote chipukizi wa tamthilia angepaswa kukikalia na kalamu mkononi ni "A Day in the Life" cha msimu wa pili, kilichoandikwa na Stewart mwenyewe na kuongozwa na Michael Hurst. Kuna jitu la kupiga na mbabe wa kufukuza, lakini hayo yamewekwa pembeni makusudi. Kiini ni siku yao ya kawaida: wameshambuliwa alfajiri, wamegombana kuhusu kikaango ambacho Xena amekifanya silaha, Gabrielle amegundua gombo lake limetumika kwa haja ya chooni, wamevua samaki, wameoga, wamelala wakitazama nyota.

Tazama wanavyooga. Wako ndani ya maji ya moto, mmoja nyuma ya mwenzake, wanasuguana mgongo huku wakiendelea na mazungumzo kuhusu jambo jingine kabisa. Sabuni imepotea, na inaonekana kuna aliyeikalia. Hakuna muziki wa kukuelekeza cha kuhisi, na hakuna anayemtazama mwenzake kwa macho ya maana. Ujumbe wote uko kwenye uzoefu wa miili yao: kila mmoja anajua mkono wa mwenzake utafika wapi kabla haujafika. Tukio kama hilo ni gumu kuandika, kwa sababu mwandishi anashawishika kuweka sentensi moja ya kukiri. Stewart hakuiweka. Badala yake akawapa ugomvi wa vyombo, na watu wanaogombania kikaango bila hofu ya kuachana ni watu waliokwisha kuwa nyumba moja.

Kabla ya hapo kulikuwa na "Is There a Doctor in the House?", kipindi cha kufunga msimu wa kwanza. Vita vinaendelea, wawili hawa wako kwenye hekalu lililofanywa hospitali, na Xena anatibu majeruhi kwa utulivu wa mtu asiyetetereka. Gabrielle analetwa ameumia, kisha anaacha kupumua. Xena anampulizia pumzi, anamkandamiza kifua, anampiga, anamfokea aamke, na wote waliomzunguka wamekwisha kukata tamaa. Nguvu ya tukio hilo imetokana na saa nzima iliyotangulia. Tumemwona Xena akiwapoteza wagonjwa na kuendelea na mwingine, kwa hiyo mikono hiyo hiyo inapokataa kuachia tunajua tofauti iko wapi bila kuambiwa. Mikono iliyoua sasa inalazimisha pumzi kurudi. Nayo haitoshi mpaka aanze kusema, kazi ambayo hadi hapo ilikuwa ya Gabrielle.

Msimu wa pili ulikutwa na ajali. Oktoba 1996, Lawless alianguka kutoka kwenye farasi akijiandaa kwa kipindi cha Jay Leno, akavunjika nyonga, na ratiba ya msimu ikabidi ipangwe upya. Wangeweza kujaza pengo kwa vituko. Vituko vilikuwepo pia, lakini katika "The Quest" walifanya jambo la busara zaidi: Xena amekufa, roho yake imeingia kwenye mwili wa mwizi Autolycus, na Gabrielle ndiye anayebeba hadithi. Kumbe kutokuwepo kwa mmoja kunapima uzito wake kuliko kuwepo kwake. Tunaona Gabrielle akitoa maamuzi, akiomboleza, akipewa madaraka ya umalkia, na kila anachofanya kina nafasi tupu pembeni yake.

Sasa msimu wa tatu, ambao ndio sababu hasa ya kuandika makala hii.

Huko Britannia, Gabrielle anaua mtu kwa mara ya kwanza kwa hila ya wafuasi wa mungu mwovu Dahak, kisha anazaa mtoto, Hope, mwenye uovu ndani yake. Xena anataka mtoto auawe. Gabrielle anamweka kichanga kwenye kikapu, anamwachia mto umchukue, na kumwambia Xena kwamba amekufa. Hapo waandishi wamefanya uhamisho mkubwa kuliko wote. Ulimi uliokuwa unaokoa watu umetumika kudanganya, na umemdanganya yule yule aliyekuwa akiuamini kuliko upanga wake. Kisha katika "The Debt", safarini China, Gabrielle anamsaliti Xena kwa mtawala Ming T'ien akidhani anamzuia asiue tena.

Baada ya hapo vinakuja vipindi vitatu vya vichekesho mfululizo. Mara ya kwanza unapovitazama unaweza kudhani waandishi wamesahau, au wameogopa uzito wa walichoanzisha. Kwa kuvirudia nikiwa najua kikapu kiko wapi, niliviona kwa sura nyingine. Gabrielle anacheka, anatania, analala pembeni ya Xena, na muda wote ana jambo asilolisema. Kimoja wapo, "The Quill Is Mightier", kinahusu gombo la ajabu ambalo kila Gabrielle anachokiandika kinatokea kweli. Mwanamke mwenye uwongo mkubwa moyoni anapewa kalamu isiyoweza kuandika uwongo, na kipindi kinachezwa kwa kicheko tangu mwanzo hadi mwisho. Sidhani ni bahati. Na hata kama mpangilio huo ulitokana na ratiba tu, ulivyokaa ndivyo unavyofanya kazi.

Kisha "Maternal Instincts": Hope anarudi, anamwua Solan, mwana wa Xena. Kifo hicho kimetoka moja kwa moja kwenye uwongo wa mtoni.

Kinachofuata, mwanzoni mwa "The Bitter Suite", ni dakika ngumu kuliko zote katika tamthilia nzima. Xena anavamia kijiji cha Waamazoni akiwa juu ya farasi, anamfunga Gabrielle miguu kwa kamba, na kumburuta. Kamera haikwepi. Anaburutwa kwenye vumbi, mawe, majani na maji, na tukio linaendelea kupita pale ambapo mtazamaji anatarajia likatishwe. Urefu huo ndio ufundi wenyewe. Lingekatwa mapema lingekuwa ishara tu ya hasira. Lilivyoachwa, linakuondolea uwezo wa kusema Xena "alikasirika kidogo". Hakuna mazungumzo ya kuegemea, maana Gabrielle hana ulimi tena wa kujitetea na Xena amebaki mikono tu kama alivyokuwa kabla hawajakutana. Kila mmoja amerudishwa kwenye kile alichoanza nacho, na kimeoza. Juu ya jabali Xena anamnyanyua amtupe baharini, Gabrielle anamrukia, na wote wawili wanatumbukia.

Wanazindukia kwenye ulimwengu wa nyimbo, na hapa nina mashaka yangu. Kuimba ni chaguo sahihi, maana maneno ya kawaida yamekwisha kunajisiwa na uwongo, na kwa mikono hawawezi kugusana. Muziki wa Joseph LoDuca unabeba kile ambacho hotuba isingebeba. Lakini msamaha unafika ndani ya kipindi kimoja, na kwa jeraha la ukubwa ule ni mapema mno. Nadhani waandishi walilijua hilo. Vipindi vitano mbele, katika "Forget Me Not", Gabrielle anakwenda kwenye hekalu la Mnemosyne kutaka afutiwe kumbukumbu, na suala la usaliti wa China linafukuliwa tena. Deni lilikuwa halijalipwa.

Msimu wa nne unaupeleka uhamisho huu mbali kuliko nilivyokumbuka. India, Gabrielle anaitupa fimbo yake mtoni na kufuata njia ya amani. Halafu "The Ides of March": Xena amelala amevunjika mgongo, askari wa Kirumi wanakuja, na Gabrielle anashika silaha na kuwaua mmoja baada ya mwingine. Tazama uso wa Xena pale chini. Hana furaha ya kuokolewa. Anaumia kuona njia ya mwenzake ikivunjika kwa ajili yake. Gabrielle ameuchukua upanga na Xena anaililia amani. Kila mmoja anatetea kilichokuwa cha mwenzake, na siku hiyo hiyo wanasulubiwa pamoja. Mchoro uliochorwa Poteidaia mwaka 1995 umegeuzwa wote, juu chini.

Kuhusu kama walikuwa wapenzi, tamthilia haikutamka. Ilikuwa televisheni ya miaka ya 1990, na waandishi waliacha jambo hilo kwenye kauli zenye pande mbili, macho na ukimya. Kwa mtazamo wangu uzuri wa mbinu hiyo haufuti uchungu wake: kulikuwa na watazamaji waliohitaji lisemwe waziwazi.

Msimu wa tano nitaupita. Una mambo mengi ya miungu na mtoto Eve, na uhusiano unasubiri foleni.

Mwisho, "A Friend in Need", unafanyika Japani. Xena anamfundisha Gabrielle ile mbinu ya kubana mishipa ya shingo ambayo kwa miaka 6 ilikuwa yake peke yake. Sehemu ya pili Gabrielle anairusha chakramu, lile duara la chuma lenye asili ya India, na kuidaka inaporudi. Kwa upande wa mikono, mwanafunzi amemaliza. Lakini Xena amekwisha kufa, na anakataa kufufuliwa ili roho za watu 40,000 waliokufa kwa sababu yake zipate haki, na Gabrielle anaondoka na majivu akielekea nchi ya mafarao.

Wapo wasioisamehe tamthilia kwa mwisho huo, nami ni mmoja wao, kwa sababu ya kiufundi. Kwa hesabu ya waandishi wenyewe, uhamisho ulikuwa na pande mbili. Upande wa mikono umekamilishwa kwa ustadi: silaha imefika kwa mrithi. Upande wa ulimi ulidai Xena abaki hai na kuishi na makosa yake, akiyasema na kuyasikiliza, jambo ambalo Gabrielle alimfundisha tangu siku ile Amphipolis alipowafanya watu washushe mikono. Badala yake anayalipa kwa damu, kwa hesabu ya zamani ya wababe wa vita, ile aliyokuwa nayo kabla hajakutana na Gabrielle.