Ukingo Safi

Ukitaka kumjua fundi wa leza, usianze na mchoro. Ishike kazi yake, igeuze ubavu, ukingo wake uelekeze dirishani. Siku hizi akriliki iko kila mahali: herufi zilizoinuliwa juu ya milango ya benki na maduka ya dawa, tuzo za mfanyakazi bora, vibao vya majina kwenye meza za wakurugenzi, vishika funguo, majina yanayochomekwa juu ya keki za harusi. Mteja huangalia kama jina lake limeandikwa sawasawa, akalipa, akaenda zake. Ni haki yake. Mimi naandika kuhusu ubavu wa herufi hizo.

Ukingo mzuri unapitisha mwanga. Ukipitisha ukucha, haukwami popote. Hauna michirizi ya wima wala weupe wa ukungu, upande wa chini hauna ndevu za plastiki iliyoyeyuka ikaganda, na kwenye pembe hakuna kidonda cha kuungua. Kazi iliyokatwa hivyo haihitaji msasa wala kusuguliwa. Hutoka mashineni ikiwa imekwisha. Ndiyo maana naiheshimu: makosa yake hayana pa kujificha, na hakuna rangi wala vanishi ya kuyafunika.

Nasikia mara nyingi ikisemwa kwamba leza haina ufundi, kwamba ukishapakia faili na kubonyeza kitufe mashine inamaliza yenyewe. Sikubaliani hata kidogo. Wape watu wawili mashine moja, faili moja na shiti moja, utapata kingo za aina mbili. Tofauti hiyo inaletwa na jicho, sikio na uvumilivu wa aliyesimama pale, na mwanafunzi hujifunza haraka zaidi akielewa kwanza ni kitu gani hasa kinatokea chini ya nozeli.

Leza ya kwanza iliwaka mwezi Mei 1960 huko California, Marekani, mikononi mwa Theodore Maiman, nayo ilitumia jiwe la rubi. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, New Jersey, akatengeneza leza ya gesi ya kabonidayoksaidi. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mashine nyingi za karakana zetu, kwenye tyubu ndefu ya kioo nyuma ya mashine. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 na jicho haliuoni. Akriliki tunayoiona angavu, kwa mwale huo ni ukuta: inaunyonya wote. Kwa sababu hiyohiyo dirisha la kifuniko cha mashine hizi mara nyingi hutengenezwa kwa akriliki, na malighafi unayoikata ndiyo inayokukinga macho. Mwanga wa buluu wa vile vimashine vidogo vya dayodi haufanyi hivyo. Unaipenya akriliki angavu na kwenda kuunguza meza, na aliyenunua kimoja hubaki akishangaa kwa nini shiti liko vilevile.

Akriliki ikipigwa na mwale wa mikromita 10.6, minyororo mirefu ya molekuli zake hufumuka na kurudi kuwa methili methakrileti, kimiminika ambacho kwa joto lile huwa mvuke papo hapo. Ndiyo harufu kali inayojaa karakana, ndugu wa ile ya kwa mafundi wa meno bandia, kwa kuwa nao hutumia kemikali hiyohiyo. Mvuke huondoka, na kwenye kuta za njia ya mwale hubaki utando mwembamba sana wa akriliki iliyoyeyuka. Utando huo ni kama ngozi ya uji: ukiachwa utulie huganda laini, ukipulizwa hukunjamana. Kwangu mimi, ufundi wote wa ukingo uko hapo. Kila unachorekebisha kwenye mashine, unakirekebisha ili kuulinda utando huo mpaka ugande kwa amani.

Chukua suala la upepo. Anayeanza mara nyingi ametokea kwenye plaiwudi, ambako kompresa hufunguliwa sana ili kuzima moto na kufukuza masizi. Akihamia kwenye akriliki na upepo uleule, kingo zinatoka na ukungu, na mtu analaumu malighafi. Kumbe hewa imeuparua utando kabla haujatulia. Punguza upepo mpaka ubaki ule wa kuzuia mvuke usipande kwenye lenzi na mwali usikae juu ya shiti, kisha kata tena. Tofauti utaiona bila kuelekezwa. Lakini usizime kabisa, kwa kuwa mvuke ule unawaka. Hapa sina mzaha: mashine inayokata akriliki haiachwi peke yake, hata kwa dakika ya kupokea simu mlangoni. Mwali mdogo unaofuata nozeli na kuzimika ni wa kawaida. Ukibaki nyuma ukiwaka peke yake, simamisha kazi. Mtungi wa kuzimia moto uwe pale unapofikiwa kwa mkono. Mvuke huo pia ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo feni inayouvuta kutoka chini ya meza hufanya kazi kuliko ile iliyowekwa juu ili ionekane. Uvutaji ukiwa dhaifu, mvuke hurudi na kutanda juu ya shiti, ukaacha uso wa kazi na utusitusi usiotoka.

Kasi nayo ina lugha yake, na ukingo wenyewe ndio unaoisema. Chukua kipande ulichokata, ukichunguze ubavu kwa karibu. Michirizi ikiwa imesimama wima na imefifia, mwale ulikuwa na muda wa kutosha kupenya. Ikilala kwa nyuma, kinyume na mwendo wa nozeli, na kulala zaidi kadiri inavyoshuka chini, ulikimbia mno: sehemu ya chini ya mwale ilikuwa ikiburutwa. Kwenye tyubu ya wati 60, akriliki ya milimita 3 kwa kawaida hukatika vizuri kati ya milimita 10 na 15 kwa sekunde. Namba hizo zichukue kama pa kuanzia tu, maana tyubu huzeeka, lenzi huchafuka, na wati 60 za kwenye tangazo si lazima ziwe wati 60 za kwenye meza. Kata mraba mdogo wenye duara ndani yake. Mistari ya mraba itakuonyesha kasi, duara litakuonyesha kama mikanda imelegea, na pembe zitakuonyesha kama nguvu ya chini ya mashine iko juu mno, kwa sababu mashine hupunguza mwendo inapokunja kona, na nguvu isipopungua nayo, kona huungua.

Tena, kata kwa mpito mmoja. Kupita mara mbili huacha mstari katikati ya ukingo ambao hakuna kitambaa kitakachoufuta. Kama mpito mmoja hautoshi, punguza kasi. Na kama kasi imeshuka mpaka ukingo unachemka na kutoa mapovu, kubali kwamba unene ule umeizidi mashine yako. Kukataa oda ya milimita 15 kwa sababu unaijua mashine yako nako ni kujua kazi.

Fokasi nitaipitia kwa kifupi. Shiti jembamba, elekeza fokasi usoni pake. Shiti nene, ishushe kidogo ndani ya unene, la sivyo ukingo utatoka umeinama. Lenzi ya milimita 50.8 inayokuja na mashine nyingi ni nzuri kwa kazi nyembamba. Kwa milimita 10 kwenda juu, lenzi ya fokasi ndefu hunyoosha kuta. Lenzi isafishwe kila asubuhi, na vioo vitatu vinavyoubeba mwale vikaguliwe kabla ya kuilaumu programu.

Malighafi ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu dukani yote huitwa akriliki. Ziko aina mbili. Moja humiminwa katikati ya mabamba na kuachwa igande. Nyingine husukumwa na mashine ikiwa ya moto ikatoka kama utepe mpana. Kuzitofautisha si kazi: chonga herufi moja kwenye kona ya shiti. Ikitoka nyeupe ya kuvutia, ni ile ya kumiminwa, nayo ndiyo ya tuzo na vibao vya kuandikwa. Ikibaki karibu haina rangi, ni ya kusukumwa. Hii ya pili hung'aa sana ikikatwa, ila huyeyuka kirahisi, huota ndevu kwa chini na hupasuka upesi ikiguswa na kemikali. Ile ya kumiminwa nayo ina kasoro yake: unene hautulii, na shiti la milimita 3 linaweza kupungua au kuzidi kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama vipande vitachomekana, pima kwa vernia kabla hujachora matundu.

Na kuna visivyotakiwa mezani kabisa. Bodi za PVC, zile tunazoziita forex, zikipigwa na leza hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huumiza mapafu na kuozesha vyuma vya mashine. Polikaboneti haina sumu ya klorini, lakini hugeuka kahawia na kufuka masizi. Ukiwa na shaka, pasha moto waya wa shaba, uuguse kwenye kipande, uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kipande hicho kina klorini. Kirudishe kilikotoka.

Akriliki yenyewe imeshapita mikononi mwa watu waliojua kutazama. Otto Röhm aliiingiza sokoni Ujerumani mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, na Waingereza wakaitengeneza kwa jina la Perspex, ikawa madirisha ya ndege za vita. Daktari wa macho Harold Ridley wa London aligundua kwamba vipande vya madirisha hayo vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uvimbe uliotarajiwa. Mwaka 1949 akapandikiza ndani ya jicho la mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa nyenzo hiyo, na hapo ukaanza upasuaji ambao leo umewarudishia uoni mamilioni ya wenye mtoto wa jicho. Ninapomwona kijana ameinamia kipande cha akriliki akikigeuza kwenye mwanga, naona yuko kwenye safu ya watu wenye tabia njema hiyo.

Pwani yetu ina mtihani wake ambao vitabu vya mashine havijautilia maanani. Mwongozo utasema maji ya kupoza tyubu yakae hata nyuzi 15. Fanya hivyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Machi, na tyubu itatoa jasho, maana hewa yetu imejaa unyevu. Umande karibu na ncha zenye umeme mkubwa hukaribisha cheche. Weka kiyoyozi chumbani, au pandisha joto la maji lizidi kiwango cha umande cha siku ile, ila lisikaribie nyuzi 30. Umeme nao ukiyumba, nguvu ya mwale huyumba, na ukingo huandika kila kitu. Stabilaiza si anasa.

Inua shiti juu ya meza ya sega kwa pini au visu vya kuegemeza, kwa sababu mwale ukigonga chuma hurudi juu na kuacha madoa upande wa chini. Acha karatasi ya kinga ya chini mahali pake. Kata matundu ya ndani kwanza, mzunguko wa nje mwisho, maana kipande kikishaachia hucheza.

Kisha uwe na subira. Akriliki iliyotoka kukatwa ina mkazo kwenye kingo zake. Mtu huifuta kwa spiriti au kwa dawa ya vioo yenye amonia ili ing'ae mbele ya mteja, na baada ya muda mfupi vinyufa vyembamba vinatambaa kuanzia ukingoni. Klorofomu ambayo baadhi ya karakana huunganishia vipande inaweza kufanya hayohayo. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Kwa wenye karakana nina ombi moja. Kijana mpya akifika, msimkabidhi oda ya mteja siku ya kwanza, na msimpimie kazi kwa wingi wa herufi alizotoa hadi jioni. Mpeni boksi la vipande vilivyobaki, vernia, kitambaa cha lenzi na daftari. Aandike unene, rangi, duka ilikonunuliwa, kasi, nguvu na upepo, kisha abandike mraba aliokata kwenye ukurasa huohuo. Aketi dirishani azisome kingo zake, na aliyemtangulia akae naye. Vipande hivyo mmeshavilipia, na vingi vinaishia kwenye pipa la taka.