Jina la Babu Lilibaki Kaunta

Kijana wa Kiseke, Mwanza, alikuwa ameshamaliza kazi yote ngumu. CV yake ya kurasa mbili ilikuwa safi. Barua ya maombi ilitaja nafasi na kumbukumbu namba ya tangazo. Vyeti vilikuwa na muhuri wa wakili. Kilibaki kitu kimoja tu, na hicho ndicho alichokiharibu: kwenye steshenari moja jirani na kituo cha Kiseke PPF alikubali kupewa anwani ya barua pepe yenye tarakimu tatu ambazo hakuzichagua, hazimhusu, na kesho yake alikuwa hazikumbuki. Uamuzi ule ulikuwa mbaya tangu unafanyika. Nauchambua kwa urefu kwa sababu wengi mmeushuhudia, kama si Kiseke basi Buzuruga, Igoma au Nyegezi, na mkauona mdogo.

Turudi kaunta. Kitambulisho cha NIDA kimelala mezani, kina majina matatu. Jina lake halisi silitoi, ila muundo wake ni kama huu: la kwanza Emmanuel, la baba Mabula, la babu Ng'wandu. Mhudumu anauliza, "Kaka, imeili yako?" Kijana anajibu kwamba aliyonayo amesahau namba ya siri. "Basi nikufungulie nyingine." Mhudumu anaandika jina la kwanza na la baba. Gmail inajibu kwamba limeshachukuliwa. Anaweka nukta katikati. Limechukuliwa pia. Anajaribu kuongeza la babu, analiandika kama lilivyo kwenye kitambulisho, na maandishi mekundu yanatokea. "Hili la babu linakataa, kaka." Chini ya kisanduku mashine imependekeza jina na tarakimu tatu. Mhudumu anabofya. "Hii imekubali." Kijana anaitikia: "Sawa, weka hiyo hiyo."

Hapo ndipo mchezo ulipopotea. Jina la babu halikukataliwa. Kilichokataliwa ni ile koma ya juu, ritifaa, iliyo kati ya Ng na w. Gmail inapokea herufi, tarakimu na nukta, basi. Haipokei ritifaa, wala kistari, wala nafasi. Ingetosha kuiondoa alama ile moja na kuandika ngwandu, kama jina hilo hilo lilivyochapwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne, ambacho kilikuwa ndani ya bahasha aliyoishika mkononi. Anwani haidaiwi kufanana na kitambulisho alama kwa alama. Inadaiwa kumfanya afisa rasilimali watu aliyeishika CV amtambue mwenye CV bila kusita. Majina yote matatu kwa pamoja yana herufi 21, na Gmail inaruhusu hadi 30. Kama yangeonekana marefu, herufi ya kwanza ya jina la ubatizo ikifuatwa na la baba na la babu inafika 14. Njia zote mbili zilikuwa wazi, na zote mbili ziliachwa kwa sababu ya alama moja ambayo hata kwenye vyeti haimo.

Hili linanigusa kwa sababu sisi Watanzania tuna akiba ambayo wengine hawana, na hatuitumii. Mtanzania anatembea na majina matatu, lake, la baba na la babu, na mfumo mzima wa nchi, kuanzia vyeti mpaka NIDA, umejengwa juu ya utaratibu huo. Wenzetu wa nchi nyingi wana mawili tu, na yakishachukuliwa hawana pa kwenda ila kwenye tarakimu. Sisi tunapo. Gmail ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2004, na kila mwaka uliopita tangu hapo umemeza majina mawili mawili yaliyo mepesi. Usitegemee kumpata Kulwa Masanja aliye wazi leo: pacha wa kwanza katika kila nyumba ya Kisukuma ni Kulwa, wa pili ni Doto, na akina Masanja hawahesabiki. Lakini ongeza jina la babu uone namna msongamano unavyopungua.

Na ile nukta aliyoweka mhudumu? Nimeshaandika juu ya hili na nitaendelea kuandika mpaka lieleweke. Kwa Gmail nukta haitofautishi chochote. Jina lenye nukta na lisilo na nukta ni sanduku moja. Mnaoongeza nukta mkidhani mmepata anwani mpya mnagonga mlango ule ule. Nukta ina faida yake, ya kumsaidia msomaji aone jina moja linaishia wapi na la pili linaanzia wapi, na kwa kazi hiyo naikubali kabisa.

Sasa tarakimu zenyewe. Watetezi wake huniambia, "Mzee, si inafanya kazi?" Inafanya kazi siku ya kutuma. Udhaifu wake huonekana siku ya kuitwa. Afisa anapiga simu, mtandao unakatika katika, anasema, "Nitajie imeili yako nikutumie barua ya mwaliko." Jina unaweza kulitaja, hata kulirudia herufi moja moja, kwa sababu ni lako na umelitaja maisha yako yote. Tarakimu tatu zilizochaguliwa na mashine unazitaja kwa kubahatisha. Huku kwetu tayari tuna mzigo wa l na r kupishana kwenye simu, Malimi akaandikwa Marimi. Kuongeza juu yake sifuri inayoandikwa kama herufi o na moja inayofanana na l ni kujitafutia shida. Mwaka wa kuzaliwa nao siupendi. Unatangaza umri wako kabla sifa zako hazijasomwa.

Mstari wa chini, ule mnaouita andasko, ni mbaya zaidi, na Yahoo na Hotmail ziliueneza kabla wengi wa waombaji wa leo hawajazaliwa. Ukiandika anwani kwenye CV, programu ya kuandikia huigeuza kiungo na kuipigia mstari chini nzima. Andasko inafunikwa na mstari ule. Msomaji wa karatasi iliyochapwa anaona nafasi tupu, anaunganisha majina, na barua yake inarudi au inamfikia mtu mwingine. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya, lakini mwombaji hataitwa.

Watu husema mambo haya ni madogo mno kupewa ukurasa. Namkumbuka Ray Tomlinson. Mwaka 1971, akiwa mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Aliitazama kibodi akachagua @, kwa sababu ilikuwa alama isiyopatikana ndani ya jina la mtu yeyote. Alijiuliza swali moja sahihi: je, kuna jina litakalovurugwa na alama hii? Zaidi ya miaka 50 imepita na uamuzi ule bado umesimama, unatumiwa na kila anayetuma maombi ya kazi kutoka Kiseke. Anayefungua anwani ana nafasi ya kuwa makini kwa kiwango kile kile, na muda unaohitajika ni mfupi.

Na kama Massachusetts ni mbali, tuwatazame waliotutangulia hapa hapa nchini, kizazi cha S.L.P. Barua hazikuletwa nyumbani. Zilikwenda kwenye sanduku. Kijana asiye na sanduku lake hakuchukua namba yoyote iliyokuwa karibu. Alimwendea mwalimu mkuu, au paroko, au mjomba aliyeajiriwa, akaomba kwa heshima atumie sanduku lake, na aliyeombwa akajua kwamba barua ya kijana yule ikija lazima imfikie. Anwani ilichaguliwa kwa kumtazama aliyeshika ufunguo. Mshairi Shaaban Robert alihamishwa kutoka ushuru wa Pangani kwenda Mpwapwa, kisha Tanga, na bado barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge zilifika na kutunzwa, kuanzia 1931 hadi 1958. Wale waliheshimu anwani. Nawaweka juu yetu bila kusita.

Swali la ufunguo linanirudisha kaunta, kwa sababu ndilo kosa la pili, na lilizaliwa na lile la kwanza. Akaunti ilipodai namba ya simu ya kuirejesha, kijana hakuwa na chaji. Mhudumu akaweka yake. Namba ya siri mhudumu ndiye aliyeitunga, akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Mteja akaondoka na anwani ambayo, kwa hesabu ya Gmail, mwenye uwezo wa kuirejesha ni mtu mwingine. Mhudumu yule ni mtu mwema, nina hakika, anahudumia foleni ndefu kwa malipo kidogo. Lakini laini ya mhudumu ikipotea au yeye akihamia Geita, anwani ile imekwenda naye.

Nikamuuliza kijana jambo lililokuwa linanisumbua: ile anwani ya majina mawili, isiyo na tarakimu, nani aliichukua? Akafikiri. Akakumbuka kwamba alipomaliza kidato cha sita alifunguliwa imeili ya kuombea mkopo wa Bodi ya Mikopo, kwenye steshenari nyingine, huko Nyakato. Kisha ya kuombea chuo, baada ya ile ya kwanza kusahaulika. Kisha hii ya kuombea kazi. Aliyelichukua jina lake ni yeye mwenyewe, na yupo nje ya mlango wake akiwa hana ufunguo. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti zilizolala miaka miwili bila kutumika, lakini jina la Gmail lililofutwa halitolewi tena kwa mtu yeyote, hata kwa mwenyewe. Kila anwani inayotelekezwa steshenari inafuta jina zuri moja milele. Vijana wetu wanayamaliza majina yao wenyewe kabla hawajapata kazi ya kwanza.

Hapa nina lawama ya siku nyingi na shule. Somo la kompyuta linafundishwa, kidato baada ya kidato, sehemu za kompyuta zinakaririwa na kuchorwa, na mwanafunzi anatoka bila anwani moja aliyoifungua kwa mkono wake, kwa majina yake, kwa laini yake mwenyewe au ya mzazi wake. Kipindi kimoja kingetosha.

Lawama nyingine naipeleka upande wa waajiri. Kampuni iliyosajiliwa, yenye jengo na magari, inatangaza nafasi na kuagiza maombi yatumwe kwenye Gmail ya mtu binafsi. Taasisi za umma zimejirekebisha: tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 hakuna kisingizio, anwani ya ofisi inaishia na .go.tz. Mwajiri binafsi anayekataa kulipia jina lake la .co.tz anawazoesha vijana kuamini anwani yoyote, na matapeli wa ajira hula hapo hapo. Mwajiri huyo hana haki ya kumcheka mwombaji mwenye tarakimu.

Majina ya utani, mtoto wa fulani, jina la timu na nambari ya jezi, sitayajadili. Waombaji wengi wameshayaacha, na ni vizuri.

Mnaoona naikuza ile dakika ya kaunta, ipimeni kwa idadi. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027. Katika rundo la namna hiyo majina mawili hayamtambulishi mtu, na tarakimu za kubahatisha hazimtambulishi kabisa. Jina la tatu lina kazi ya kweli ya kufanya pale.

Kijana ameshafungua anwani mpya, majina matatu bila ritifaa, nukta kati ya jina na jina, kwa laini iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole. Jina la mtumaji nalo amelirekebisha, maana lile la kwanza lilikuwa linaonyesha jina la steshenari badala ya lake. Kampuni mbili kati ya tatu alizokwisha kuziombea amezijulisha kwa barua fupi yenye kumbukumbu namba. Ya tatu tangazo lake lilieleza kwamba maombi yakishatumwa hayafanyiwi marekebisho. Huko anwani ya tarakimu ndiyo itakayosomwa, kwa hiyo nimemshauri asiifunge. Amerudi kwa mhudumu, namba ya simu ya mhudumu ikatolewa, namba ya siri ikabadilishwa, na barua zote zinazoingia humo zimeelekezwa kwenye anwani mpya.